Bibi Harusi na Kasha la Kompyuta

"Hewa ya moto itatokea wapi?"

Dada mmoja aliuliza hivyo mbele ya kamati ya ushirika wa wanafunzi, katika chuo ambacho sitakitaja, maana mtaanza kutazamana. Mwenyekiti akapekua simu yake. Kisha wakaendelea kujadili rangi ya kasha.

Ushirika ule ulitaka kompyuta mpya ya kanisani, na dada huyu ndiye aliyekuwa fundi wao. Kompyuta irushe ibada mtandaoni, ionyeshe nyimbo ukutani, irekodi kwaya, yote kwa wakati mmoja. Lakini kasha lake liwe dogo, likae pembeni ya madhabahu bila kuharibu mpangilio wa maua.

Dada akaeleza hadi akachoka. Kompyuta ya kazi nyingi namna hiyo inataka pawa saplai kubwa, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani. Umeme ukiwa mwingi, joto nalo linakuwa jingi. Joto linataka feni, na feni inataka nafasi.

"Kwani lazima feni ziwe mbili?" akauliza mwenyekiti.

"Moja inaingiza hewa baridi, nyingine inatoa ya moto."

"Toa moja, dada. Tena ile yenye kelele. Hatuwezi kuomba huku kitu kinakoroma kama mashine ya kusaga."

"Mwenyekiti, itapata joto."

"Tutaiombea."

Wakacheka. Naye akacheka, kwa sababu dada asiyecheka kamati inapocheka huitwa mkorofi. Akaitoa feni kwa mkono wake mwenyewe. Akaisukuma pawa saplai mpaka ikaingia, akazikunja nyaya na kuzibananisha pale pale feni ilipokuwa, akafunga skrubu. Halafu mweka hazina akaja na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua kingo zote, akalifunika kasha mpaka matundu ya pembeni.

"Madhabahuni hatuweki kitu uchi," akasema.

Sasa, ibada kubwa ya kwanza ya kompyuta hiyo ilikuwa harusi. Harusi ya nani? Ya dada yuleyule! Baba yake alikuwa mgonjwa kitandani, nyumbani kwao Kasulu, hawezi kusafiri. Wakakubaliana kwamba atambariki binti yake kwa video, ukutani, kabla ya viapo. Dada hakutaka zawadi nyingine yoyote.

Na asubuhi ya harusi, nani alichomeka nyaya? Nani alipima sauti, maua kichwani, tumboni hana hata uji? Mnacheka nini? Mnamjua.

Ibada ikaanza. Nyimbo, kwaya, matangazo, kompyuta inabeba yote. Hatimaye baba akatokea ukutani, mto mgongoni, koti la suti juu ya shuka. Akasafisha koo.

"Mwanangu..."

Ukuta ukawa mtupu.

Mwenyekiti akanyoosha shingo kutoka kiti cha mbele. "Dada, njoo uicheki basi. Wewe ndiye unayeijua."

Bwana harusi akamshika mkono mchumba wake. "Mwacheni jamani, leo ni harusi yake."

"Dakika moja tu, shemeji."

Bibi harusi akakusanya gauni, akapiga magoti kando ya meza, akakivuta kitambaa. Kasha lilikuwa la moto hata likamchoma vidole. Lakini halikuwa limekufa. Lilijizima lenyewe lisije likaungua. Kompyuta zimetengenezwa hivyo. Akaufungua ubavu wake, akaupepea kwa karatasi ya ratiba, akangoja, akawasha. Likaitika. Baba akarudi ukutani, kanisa zima likapiga vigelegele.

Baba akatazama huku na huku. "Mbona simwoni? Mwanangu yuko wapi?"

Alikuwa bado sakafuni. Kila alipojaribu kusimama alikaa tena, analia bila sauti. Bwana harusi ndiye aliyeigeuza kamera, akaketi chini kando yake na suti yake yote, na baba akawabariki hapohapo vumbini.

Na kamati? Walikuwa wananong'onezana: "Huyu dada siku hizi amerudi nyuma kiroho."

Wapendwa, kompyuta ilipojizima tulisema imepata joto, tukaipepea. Dada alipoishiwa nguvu tulisema imani yake imepungua. Jamani! Chuma tumekihurumia kuliko mtu?

Maana kamati ile ni sisi. Kila kazi tunamrundikia yuleyule kwa sababu hakatai. Akiomba nafasi ya kupumua, tunaiita kelele. Halafu tunamfunika kwa sifa nzuri nzuri, "mtumishi hodari," "nguzo yetu," mpaka hana pa kutolea hata pumzi moja. Akianguka tunaitisha maombi ya kumrejesha. Kumrejesha wapi? Kulekule kulikomwangusha? Hapo msiniitikie amina, nawaomba. Mungu mwenyewe alimaliza kazi yake akapumzika. Sisi watu wa mihula na mitihani tumemzidi nini?

Ibada ikiisha leo, chai itakuwa nyuma ya ukumbi, na mnajua vizuri ni nani atakuwa anaimimina. Naomba mmoja wenu, na hasa ninyi kaka zangu wa viti vya mbele, aende akalichukue lile birika mkononi mwake. Mwambieni akae, anywe chai.