Gurudumu la Baridi

“Breki iliyolala haivuti, huvuta iliyo macho.” Mliisikia jana kwenye kikao cha ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na leo mnauliza nani aliianza. Siku kisa chake kilipoanza nilikuwa gereji nikisubiri pikipiki yangu, kwa hiyo mengi niliyaona mwenyewe. Yaliyotokea baada ya gari kuondoka niliambiwa na fundi.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, gari dogo jeupe liliingia uani kwa fundi Mbonea. Nje ya lango lilikuwa limeacha alama ya tairi iliyopinda kuelekea kushoto.

Dereva alikuwa mwalimu Elinami. Kando yake alikaa mkewe, Nakijwa, mjamzito wa miezi tisa. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, na daktari alikuwa ameagiza mama afike hospitali ya wilaya siku hiyo kabla ya saa kumi jioni, ili apasuliwe kesho yake. Basi lilikuwa limeshashuka alfajiri. Kutoka kwetu hadi tambarare ni kilomita thelathini na moja, na anayeshuka hana kitu kushoto kwake ila genge.

“Kila nikikanyaga breki linanivuta kushoto,” mwalimu alisema. “Nusura niingie mtaroni.”

Mbonea alifanya kama kawaida yake: aligusa magurudumu kwa mgongo wa mkono kabla hayajapoa. Kwenye vumbi la milimani, kalipa, yaani chuma kinachozibana pedi kwenye diski, hukwama mara nyingi ikiwa imebana, na gurudumu lake huchemka. Ndiyo maana mafundi wote wa huku walikuwa na kanuni moja: la moto ndilo gonjwa. Ilikuwa imemfaa Mbonea kwa miaka kumi na minane.

“Kushoto moto, kulia baridi,” alisema. “Ni kalipa ileile, mwalimu. Wiki mbili zilizopita niliifungua, nikasafisha pistoni inayosukuma pedi, nikaweka mipira mipya. Gari hili lina ukaidi kama mwenyewe.”

“Mwenyewe anataka kufika leo.”

“Utafika. Nitaubana mpira unaopeleka mafuta ya breki kushoto. Utashuka na breki tatu zilizobaki.”

Akachukua koleo.

Nakijwa alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, akijipepea kwa ncha ya kitenge. “Fundi,” aliita, “hilo la baridi limefanya kazi gani tangu asubuhi?”

“Pumzika, mama. Hilo ni zima.”

“Nimebeba mtoto, fundi, sijabeba usingizi. Watu wawili wakibeba gogo, mmoja akalowa jasho, mwingine akawa mkavu kama kuni, wewe utamwita nani mvivu?”

Mwalimu alicheka. Mbonea hakucheka. Alisimama na koleo mkononi, kisha akaliweka chini.

“Aliyelowa ndiye aliyebeba,” alisema polepole.

“Usiniambie mimi. Kapime.”

Akapiga jeki mbele, magurudumu yote mawili yakaning’inia. Akamwambia mwalimu aachie breki, akazungusha la kushoto: likazunguka kwa urahisi. Basi halikuwa limekwama. Akamwambia akanyage: la kushoto likasimama palepale, na hata kwa mikono miwili hakuweza kulisogeza. Akahamia kulia.

“Umekanyaga, mwalimu?”

“Kwa mguu wote!”

Mbonea alilizungusha la kulia kwa mkono mmoja.

Koleo lile lingebana breki pekee ya mbele iliyokuwa ikifanya kazi.

“Ningewatuma gengeni kwa mkono wangu mwenyewe,” Mbonea alisema.

“Lakini hukututuma,” Nakijwa alijibu. “Haya, fungua.”

Kwanza, upande wa kulia, alilegeza nati ya kutolea upepo unaonaswa ndani ya mafuta ya breki. Mwalimu alipokanyaga, mafuta yaliruka. Kwa hiyo mpira wa kupeleka mafuta haukuwa umeziba. Tatizo lilikuwa ndani ya kalipa. Alipoifungua aliona kifuniko cha mpira kimechanika, maji yameingia, na pistoni imeshikwa na kutu. Nyuma ya banda kulikuwa na gari lililopinduka, la aina ileile. Akatoa kalipa yake ya kulia, akaikagua, akaisafisha, akaweka mipira mipya na kuifunga. Kisha akatoa upepo mpaka mafuta yakatoka bila povu.

Saa sita na nusu alichora mstari wa majivu barabarani. Akaendesha kando yake na kukanyaga breki mara tano. Mara zote tano gari lilisimama likiwa limenyooka. Alishuka akagusa magurudumu ya mbele: joto lilikuwa sawa. Mwalimu naye akayagusa, kisha akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi, akicheka peke yake.

“Inuka, Baba,” Nakijwa alisema. “Utanipeleka hospitali au nikupeleke wewe?”

Mbonea alipanda kiti cha nyuma bila kualikwa. Saa nane na dakika hamsini walifika hospitali. Njia nzima, alivyoniambia, mwalimu hakuhitaji kurudisha usukani hata mara moja.

Jumatano, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mtoto wa kike alizaliwa kwa upasuaji, kilo tatu na gramu mia moja, akilia kwa nguvu. Jioni waliruhusiwa kumwona mama. Mbonea alibaki mlangoni kwa sababu kucha zake zilikuwa bado na grisi.

“Fundi,” Nakijwa aliita kutoka kitandani, “mimi na mwanangu tumefika. Sasa mafundi wenzako utawaambia nini?”

Mbonea alivua kofia.

“Nitawaambia breki iliyolala haivuti, mama. Huvuta iliyo macho.”