Kiboko Aonja Shimo Lake

Hadithi yangu imesimama mlangoni!
Ifungulieni, iingie, tuisikie!

Hapo kale Kiboko alikuwa na shimo la chumvi. Wanyama wadogo walishuka humo, wakachimba, wakapandisha magunia. Dari ya shimo ilishikiliwa na magogo. Kiboko akayatamani magogo yale, akayang'oa, akajijengea baraza la kupungia upepo.

Tangu hapo dari ikawa inalia. Nyii... nyii... Wachimbaji wakabana pumzi. Nyii... halafu kimya. Kimya ndicho kilichowatisha zaidi.

Siku moja ikalia nyii... nyii... tuu! Kindi, mmoja wa wachimbaji, hakupanda tena.

"Kindi yuko wapi?" wakauliza.

"Ameacha kazi," akajibu Kiboko. "Rudini chini."

Wakarudi. Nani angemkatalia Kiboko? Fuko alitetemeka kuliko wote, maana mkewe alichimba palepale dari ilipolia.

Akaja mnunuzi kutoka ng'ambo ya mto, Twiga. "Bwana Kiboko, kwetu wanauliza: wanaochimba chumvi hii wako salama?"

"Salama kama kitandani kwangu!" akacheka Kiboko.

Twiga akainamisha shingo mlangoni mwa shimo. "Mimi naona pazuri tu."

Fuko akaleta togwa. Katika nchi ile mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue hamna sumu. Akikataa kuonja, mgeni huondoka zake. Kiboko akaonja, gubu, gubu, gubu, kibuyu kikabaki nusu.

"Bwana mkubwa," Fuko akasema kwa adabu, "na shimo je? Mgeni ataingiaje, nawe mwenyeji hujalionja?"

Twiga akamgeukia Kiboko. Akangoja.

Kiboko akashuka, Fuko mbele. Giza totoro. Fuko akakwaruza ukuta kwa ukucha: nyii...

"Nini hicho, Fuko ndugu yangu?"

"Leo mimi ndugu yako, bwana? Ni dari tu. Sisi tumeizoea."

Ndipo dari yenyewe, bila kuombwa, ikaitikia: nyiiii! Vumbi likawamwagikia. Fuko naye akaganda.

"Fuko... Kindi aliachia kazi wapi?"

"Hapo uliposimama."

Kiboko akapiga yowe, Twiga akalisikia huko juu: "Tokeni! Tokeni wote! Vunjeni baraza! Magogo! Leteni magogo!"

Wakatoka mbio. Mke wa Fuko akatoka wa mwisho, anakohoa, mzima. Baraza likavunjwa, dari ikaegemezwa. Kindi wakamfukua, wakamzika panapostahili. Kiboko alilia kaburini. Sisemi alikuwa mbaya. Labda hakuwahi kuingia tu.

Basi enyi wenye makampuni, shikeni funzo: msiingie kamwe mnakowatuma wenzenu. Mtapata maradhi ya kusikia wanayoyasikia, na maradhi hayo hayana dawa.

Hadithi yangu imechoka, nailaza.
Ilale! Sisi tuko macho.