Mkwe Aliyeng'oa Mchunga

Jamani, sogeeni, hadithi inataka pa kukaa! Shomari, mkwe mpya aliyejisifu kutembea nchi saba, alimpalilia bustani Bi Kazija, mama wa mkewe, akang'oa mchunga wote akidhani ni magugu.

"Baba, umeng'oa mboga yangu!" akalia Bi Kazija.

Kabla hajajibu, zimwi likatokea, tumbo limevimba kama ngoma.

"Niponyeni, au nammeza huyu!" likanguruma, likimnyooshea Shomari kidole.

Shomari akakimbilia jikoni. Akalipatia asali, wapi! Akalipatia maziwa, wapi! Bi Kazija akauokota mchunga, akauchemsha, akalinywesha maji yake machungu. Zimwi likacheua, makuti ya jikoni yakapeperuka, tumbo likanywea. Likamtazama Shomari, likamwambia Bi Kazija:

"Sasa nina njaa. Nianze na mkweo."

"Nyama ndiyo iliyokuvimbisha," akasema Bi Kazija. "Kaa chini, umalize mboga."