Kasha la Bi Mashavu

Si zamani sana, kule Tanga, Bwana Shekue alimgongea mlango mpangaji wake, Bi Mashavu. "Magharibi isikukute humu. Nimepata mpangaji wa bei nzuri."

"Leo hii, Bwana Shekue? Na mikokoteni yote ya mtaa huu ni yako, bei zake hazishikiki!"

"Hayo hayanihusu."

Bi Mashavu akaweka mkono juu ya kasha lenye kufuli kubwa. "Basi siendi. Kasha hili simbebeshi mpagazi nisiyemjua mpaka nipate sanduku la kukodi benki. Kilichomo sikisemi, ila kimeninyima usingizi mwaka mzima."

Shekue akalisukuma kwa mguu. Halikutikisika. Papo hapo sauti yake ikalainika. "Benki ya nini, dada yangu? Niachie mimi, nina sefu. Vyombo vyako vingine, vijana wangu watakuhamishia bure."

Kasha likapokelewa kama amana mbele ya imamu wa mtaa, na Bi Mashavu akahama, ufunguo shingoni.

Siku ya Ijumaa alirudi na imamu. "Nimefuata amana yangu."

Shekue alifura. "Tapeli wewe! Mna mapande ya dari tu mle!"

"Ya dari yako hiyohiyo, iliyokuwa ikiniangukia kitandani. Lakini ufunguo huu hapa shingoni mwangu. Wewe umejuaje?"

Imamu akamgeukia Shekue. "Umevunja amana. Mrudishie chumba chake."

Jioni ile mkokoteni ulirudi na kitanda cha Bi Mashavu, bure vilevile. Katika chumba kilekile, Shekue alikuwa juu ya ngazi, akiziba dari.