Waliopima Seva ya Lihangwe

Sogeeni, tukae vizuri. Leo nina watu watatu na mashine moja, na nikifika mwisho mtanisaidia, maana mimi mwenyewe nimeshindwa.

Hospitali ya misheni ya Lihangwe iko juu milimani, kwenye baridi. Hapo alikuwepo Fidelis Ngonyani, fundi mitambo, mtu wa subira: akianza jambo hulifuata hadi mwisho bila kuruka hatua. Alikuwepo Sikitu Mbawala, mwandishi wa programu, mwepesi kama ndege: sasa hivi yuko huku, mara yuko kule, na kote ameshaona. Na alikuwepo Bi Kandida Haule, mtunza masjala. Kipaji chake kilikuwa kukumbuka watu.

Miaka thelathini na moja Bi Kandida alitunza mafaili ya wagonjwa. Enzi hizo za makaratasi, mtu hajamaliza kutaja jina, yeye keshapanda ngazi.

"Wewe si wa kwa Mzee Ndunguru? Mama hajambo mguu?"

Faili lilishuka na vumbi lake, na ile harufu ya karatasi kuukuu na wino wa muhuri, na mgonjwa akajisikia amefika kwa watu wanaomjua. Kisha ikaja seva, kompyuta kuu ya kutunzia kumbukumbu zote. Mafaili elfu tisini yakaingizwa humo, rafu zikapelekwa stoo, na Bi Kandida akapewa kiti mbele ya kompyuta. Hakulalamika. Ila siku nyingine alijikuta ameinua mkono hewani, anatafuta ngazi.

Mwaka wa tatu seva ikawa nzito. Jumanne moja, siku ya kliniki, aliletwa mama mjamzito anavuja damu. Daktari alitaka kujua dawa zinazomdhuru. Faili lilifunguka baada ya dakika kumi na moja. Mama alipona kwa rehema za Mungu tu.

Sista Ediltruda, mganga mkuu, akawaita wote watatu. "Nawapa wiki mbili. Mkishindwa kuniambia mashine hii inaumwa nini, narudisha makaratasi."

Moyo wa Bi Kandida uliruka kwa furaha, halafu ukaona haya.

Fidelis akaanza. Aliipima diski ya seva, ile inayohifadhi mafaili, kwa kuisoma mfululizo, tangu mwanzo hadi mwisho, kama msomaji wa kitabu asiyeruka ukurasa. Saa nzima namba zilikuwa nzuri: megabaiti mia moja na hamsini kwa sekunde. Mwingine angeridhika akaenda kunywa chai. Yeye alibaki. Karibu na mwisho namba ikaporomoka hadi tisa.

"Hapa inashikwa na kigugumizi," alisema. "Diski hii inakufa."

Wakayahamisha mafaili yote kwenye diski nyingine ya aina ileile. Siku mbili baadaye ile ya zamani ikazima, haikuamka tena.

Lakini Jumanne ilipofika, foleni ilikuwa ndefu kama kawaida.

Sikitu akachukua zamu. "Kliniki haisomi mfululizo," alisema. "Leo anakuja wa Ndunguru, anafuata wa Mapunda, anafuata wa Komba. Lazima tupime kwa kurukaruka." Akaandika programu ya kuita mafaili mia mbili, huku moja, kule moja, tena na tena. Jibu likawa visomo elfu arobaini kwa sekunde.

Sikitu akashusha pumzi. "Sista, mashine ni nzima. Sioni ugonjwa."

"Basi Jumatatu turudishe rafu," akasema Sista.

Bi Kandida alikuwa nyuma yao, anatazama majina yakipita kwenye kioo. Akaona jambo. Na alipoliona, aliziona pia rafu zake zikirudi, ngazi yake, mihuri yake. Ilitosha kunyamaza tu. Nani angemlaumu? Akamkumbuka yule mama aliyevuja damu, jinsi yeye mwenyewe alivyomshika mkono wakilingojea faili.

"Sikitu mwanangu," alisema taratibu, "hawa mbona ni walewale unaowaita tangu asubuhi? Mimi faili likishakuwa mezani, silipandii ngazi."

Sikitu akageuka. Kumbe mashine ilikuwa imeyaweka yale mafaili mia mbili mkononi, kwenye kumbukumbu yake ya muda. Diski yenyewe haikuguswa.

Wakakaa wote wawili. Bi Kandida akamsimulia Jumanne ilivyo: ukoo gani hufika pamoja, nani hajaonekana miaka sita, madaktari wangapi huuliza kwa mara moja. Sikitu akaiandika upya programu yake kwa simulizi hiyo. Safari hii jibu lilikuwa visomo mia moja na kumi tu. Diski yao ilikuwa ya kuzunguka, na kichwa chake cha kusomea kilikuwa kinakimbia huku na huko kama karani mmoja mwenye ngazi moja na wateja mia.

Zikaletwa diski zisizozunguka, zinazofikia faili lolote papo hapo. Jumanne iliyofuata, mgonjwa hajakaa kitini, faili liko wazi.

Sista akawaita tena. "Nimeagiza kibao cha shaba cha mlango wa chumba cha seva. Kina nafasi ya jina moja tu, la aliyeiponya mashine. Nani?"

"Bila mimi," Fidelis alisema kwa upole, "mafaili yangezikwa na ile diski. Mngeharakisha nini?"

"Bila kipimo changu," Sikitu alisema, "mngebaki na mafaili salama na wagonjwa wanaongoja."

Bi Kandida alitazama mikono yake. "Mimi nilisema neno moja tu. Na hilo lenyewe nililishikilia kidogo."

"Lakini ulilitoa, mama," Sikitu akamjibu.

Sista hakuamua. Akahamishwa, na aliyemfuata hakuamua. Bi Kandida amestaafu, anapanda maharage, na husema bado huota rafu zake. Mlango ule una matundu mawili ya skrubu, wala hakuna kibao.

Sasa, wenzangu. Yupo aliyeokoa kilichokuwa kinapotea, yupo aliyetengeneza kipimo kilichotoa jibu, na yupo aliyesema kweli iliyomnyima alichokipenda. Jina ni moja. Je, wewe ungeamua vipi?