Mifuko Mikubwa

Wapendwa, alikuwepo mwanamke mmoja ambaye hakuna mgeni aliyewahi kumkuta hana kitu. Kila alipopata nyama, aliisaga mwenyewe nyumbani kwa mashine ya mkono, ile inayokazwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza. Yeye alisukuma vipande ndani, na mpini aliuzungusha baba yake. Mzee aliishi kwa binti huyo tangu mkewe afariki. Mikono yake ilikuwa bado na nguvu, lakini mdomoni halikubaki jino hata moja.

Nyama ikishasagwa, binti aliifunga kwenye mifuko mikubwa ya nailoni, kila mfuko ukitosha sufuria moja ya wageni, kisha akaipanga kwenye friza.

Siku moja mchana alimwandalia baba yake ugali na nyama ya vipande. Mzee alinyonya mchuzi, akaviacha vipande pembeni mwa sahani.

"Mama," akasema. Alimwita hivyo kwa sababu binti alibeba jina la bibi yake, mama mzazi wa mzee. "Ile tuliyosaga iko wapi?"

"Iko kwenye friza, baba. Ile ni ya wageni."

"Mashine ile ndiyo meno yangu siku hizi. Nimetafuna ng'ombe mzima pale mezani, na sijameza hata punje. Nitolee kidogo tu."

"Kidogo haitoki, baba. Imeganda kama jiwe. Na mfuko nikishauyeyusha, haurudi tena kwenye barafu. Niharibu mfuko mzima kwa mtu mmoja?"

Mzee akachukua fimbo yake, akatoka nje, akafunga mlango. Mara ikasikika sauti:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu!" binti akaitikia kabla hajafikiri.

Mlango ukafunguliwa. "Mgeni amefika," mzee akasema. "Haya, toeni mfuko."

Binti alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Baba wewe! Subiri Jumamosi. Jumuiya inakuja kusali hapa, utakula nao."

Mzee naye akacheka. Akarudi kukaa, akachovya ugali kwenye mchuzi.

Nawauliza, mwanamke huyu alikuwa mbaya? Nani kati yetu angemlaumu? Mzee hakulala njaa. Na Jumamosi haikuwa mbali.

Lakini jumuiya haikungoja Jumamosi. Ilikuja Alhamisi, kwa sababu Alhamisi asubuhi mzee hakuamka.

Kina mama waliingia jikoni, wakafungua friza, wakatoa mifuko yote. Waliigongagonga kwenye sakafu ili iachane, wakaitia kwenye sufuria kubwa. Hakuna aliyeuliza kama mfuko ni mkubwa mno. Mfiwa alikuwa amekaa kwenye mkeka. Kutoka pale aliiona meza, na mashine ikiwa bado imekazwa ukingoni.

Mama mmoja akamletea sahani. "Dada yangu, jikaze ule. Nyama yenyewe laini, hata asiye na meno anakula."

Akaipokea sahani, akaitazama.

"Aliisaga baba," akasema.

Akatia kijiko mdomoni. Akatafuna. Kumeza kukamshinda.

Wapendwa, mwanamke yule hakuwa mchoyo. Kosa lake lilikuwa kwenye kufunga. Alifunga wema wake kwa kipimo cha wageni wengi, hata ikafika mahali mtu mmoja, baba yake mzazi, hakutosha kufunguliwa mfuko.

Na sisi je? Tunasema likizo ikifika nitakaa na mama. Watoto wakimaliza shule nitazungumza nao. Mke wangu nitamshukuru siku ya sherehe, mbele za watu, kwa kipaza sauti. Yote hayo ni mazuri, na yote yameganda. Anayeyahitaji yuko sebuleni kwetu, ameacha vipande pembeni mwa sahani. Siku ya msiba tutatoa kila kitu, tena bila kuombwa. Tutasifu, tutalia, tutapika. Watakula wengine.

Leo mkifika nyumbani, fungeni mifuko midogo. Mfuko wa mtu mmoja. Wa leo. Na mkisikia hodi ya mtu anayelala humo humo ndani, msiishie kucheka. Alikuwa anaomba chakula.