Kamba ya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana ndege za abiria zilikuwa zimeshaanza kupita angani, Nyati na Kiboko walizungushia bwawa kamba ya katani. Kwa desturi ya wanyama wa huko, avutaye kamba mbele ya mashahidi ndiye mwenye mahali. Basi bwawa likawa lao wawili, wao na matumbo yao!

Juu ya mwamba aliishi Bi Pimbi na watoto wake. Kiu iliwatesa watoto mpaka wakawa wanalamba umande, na mama yao akiwatazama analia.

Lakini Bi Pimbi alipenda kuota jua na kutazama juu. Alijua jambo ambalo wale wala majani wawili, vichwa chini mchana kutwa, hawakulijua.

Akashuka. "Hodi, mabwana! Leo nami navuta kamba yangu. Itapita juu ya bwawa iligawe nusu kwa nusu. Mtakuwa mashahidi?"

"Kwa kwa kwa!" akacheka Kiboko. "Kamba gani, we kiduchu? Haya, vuta tukuone!"

Bi Pimbi akakodolea macho mashariki. Alipoona kinukta cha ndege ya abiria kinang'aa, akainua mikono. "Njooo!"

Mstari mweupe ukaikata mbingu, na nyuma yake: nguruuuum!

"Mama wee!" Nyati akakaa kitako. "Inalia!"

"Kamba nzito, bwana. Lazima ilie."

Punde mstari ukanenepa, ukafifia, ukatoweka.

"Aa! Imekwenda wapi?"

"Nimeikunja. Au wewe kamba yako unaiacha nje iliwe na mchwa?"

Nyati akaitazama yake, mchwa tele. Akaona aibu, akasogea kando.

Watoto wakanywa, gugugugu!

Siku moja Kiboko akainua kichwa. Lo! Kamba inavutwa, na Bi Pimbi yuko mwambani anakoroma. Akamwita Nyati, wakaenda mbio.

"We Pimbi, mwongo mkubwa! Umelala na kamba inajivuta!"

Bi Pimbi akashtuka usingizini. Akishindwa hapa, wanawe watarudi kwenye umande. Akapiga mwayo taratibu.

"Nani kasema inajivuta? Wanavuta wanangu."

"Wale wadogo?"

"Wale wale mliowanyima maji. Tangu wanywe, nguvu zimewajaa. Niwaite mzungumze nao?"

"Hapana, hapana, mama! Waache wafanye kazi!"

Kabla jua halijatua, Nyati mwenyewe aliifungua kamba ya katani, na kila mwenye kiu akanywa.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: atazamaye tumbo lake tu, hudanganywa na kilicho juu ya kichwa chake.